Maswali na majibu: kitenzi "cleave" na maana zake zinazopingana

Maswali ya safari hii yanahusu kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho hakisikiki sana katika mazungumzo: "cleave", kinachotamkwa "kliiv".

Kamusi yangu inasema "cleave" ni kupasua, kisha chini yake inasema ni kushikamana. Imekosewa?

Haijakosewa. Hivi ni vitenzi viwili vilivyoishia kuvaa nguo moja. Katika Kiingereza cha kale kupasua kulikuwa "clēofan", na kushikamana "clifian". Matamshi yakabadilika karne baada ya karne, sauti zikakaribiana hadi zikafanana, na maandishi nayo yakafuata. Sisi tofauti ya namna hii huionyesha mwishoni mwa neno, ndiyo maana hakuna anayechanganya kubandika na kubandua. Mwingereza hana msaada huo.

Basi nitajuaje ni maana ipi?

Angalia neno linalofuata. Ukiona "to", au "unto" katika maandishi ya zamani, ni kushikamana: "He cleaved to his old beliefs", yaani aling'ang'ania imani zake za zamani. Kikifuatwa moja kwa moja na kitu kinachotendwa, ni kupasua: "The axe cleaved the log", shoka lilipasua gogo. Ukikuta "through", ni kukata njia, kama mashua inavyokata mawimbi.

Wakati uliopita ni "cleaved", "clove", "cleft" au "clave"? Kila kitabu kina lake.

Hapa ndipo penye vurugu. Kwa kushikamana, andika "cleaved" na usihangaike. Kwa kupasua, "cleaved", "clove" na "cleft" zote zinakubalika, ila "clove" ina harufu ya hadithi za kale. Maumbo mengine yamegandia mahali pake na hayabadilishwi: kwato zilizogawanyika ni "cloven hooves", kaakaa lililopasuka ni "cleft palate". Ukiyabadilishana, kila msomaji atashtuka.

"Clave" utaikuta katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, na huko inabeba maana zote mbili. Katika Mwanzo 22:3 Ibrahimu "clave the wood", alichanja kuni. Katika Ruthu 1:14, Ruthu "clave unto her", aliambatana na mkwewe. Mmoja anatenganisha, mwingine anakataa kutengana, na umbo ni lilelile herufi kwa herufi. Kanuni ya "unto" niliyoitaja ndiyo inayokuokoa.

Kuna tofauti gani na "split"?

Mara nyingi yanapishana kidogo tu, lakini "cleave" hupendelea mpasuko unaofuata mkondo wa asili wa kitu, kama ubao unaopasuka kwa kufuata nyuzi zake. Wanajiolojia wanalitumia hivyo hasa: madini ya maika huambuka kwa tabaka nyembamba kwa sababu ndivyo yalivyojengeka.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa almasi ya Cullinan, iliyopatikana Afrika Kusini mwaka 1905 ikiwa na karati zaidi ya 3,100. Mwaka 1908 Joseph Asscher alipewa kazi ya kuipasua huko Amsterdam. Kwanza huchongwa mfuo mdogo juu ya jiwe, kisha ubao wa chuma usio mkali huwekwa ndani yake na kugongwa pigo moja. Katika jaribio la kwanza kilichovunjika ni chuma. Almasi ilibaki nzima. Baadaye ikakubali, ikafuata mstari wake. Kazi hiyo huitwa "cleaving". Kukata kwa msumeno ni "sawing", na msumeno haufuati mstari huo wa mpasuko.

Wanabiolojia nao huita "cleavage" ule mgawanyiko wa mwanzo wa yai lililorutubishwa, ambapo seli huongezeka ilhali kiinitete chenyewe hakikui.

Je, "clove", yaani karafuu, inatokana na kitenzi hiki?

Hapana. Hiyo imetoka katika Kifaransa, "clou", msumari, kwa jinsi karafuu ilivyo na kichwa na mkia. Lakini "clove" ya kitunguu saumu, ile punje moja, ni ndugu kabisa wa kupasua.

Nikitumie kwenye insha ya kazini au chuoni?

Kwa kupasua, tumia "split" isipokuwa unaandika kuhusu miamba, almasi, seli au protini. Kwa kushikamana, "stick to" au "cling to" vinatosha. "Cleave to" huleta sauti ya mahubiri ya ndoa, na pengine hilo silo unalolitaka kwenye ripoti. Uwe mwangalifu zaidi na nomino "cleavage". Wanasayansi wa siasa huitumia kwa mipasuko ya kijamii, lakini katika maongezi ya kawaida inamaanisha mfereji ulio kati ya matiti, na wasikilizaji wako watafikiria huo kwanza.