Acha kukariri vidoti, tafuta tatu na saba

Mkuu, usiibandike hiyo chati ya gitaa ukutani. Unasema umepakua karatasi yenye maumbo yote ya kodi za saba (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), utakariri moja kila siku na kulisogeza mpaka freti ya 12 (freti ni vile vijichuma vya kwenye shingo ya gitaa), na unauliza metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, uiweke kasi gani na kama nyuzi za nailoni zitapunguza maumivu ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi kadhaa. Nimesoma nikaumia, maana mpango huohuo niliufuata mimi na ulinila muda mwingi.

Nilipewa na mwalimu niliyekuwa namlipa. Kila kipindi karatasi mpya ya vidoti vya kuonyesha vidole vikae wapi, na neno lake lilikuwa lilelile: kariri kwanza, maelezo yatafuata. Hayakufuata. Vidole vikajaa maumbo, masikio yakabaki matupu. Nikiambiwa nipige kodi za Dm7, G7, Cmaj7, kila badiliko nanyanyua mkono mzima, naurusha freti nyingine kabisa, wimbo unakatika. Ukiniuliza ni noti gani inayotofautisha Cmaj7 na C7, sina jibu, na zote mbili nazipiga vizuri tu! Mwalimu anayekugawia vidoti bila kukuonyesha tatu iko wapi na saba iko wapi (noti ya tatu na ya saba ya skeli, ukihesabu kutoka mzizi, noti inayoipa kodi jina) anakudhulumu, hata awe fundi kiasi gani. Robo saa ingetosha kunieleza.

Kwa hiyo shika hili: usifanyie mazoezi umbo lolote la kodi ya saba kabla hujaweza kugusa tatu yake na saba yake na kuzitaja kwa sauti.

Jaribu sasa hivi, ukihesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba kabisa. Uzi wa tano freti ya 3 ni C, mzizi. Uzi wa nne freti ya 5 ni G, noti ya tano. Uzi wa tatu freti ya 4 ni B, saba. Uzi wa pili freti ya 5 ni E, tatu. Nyuzi za pembeni, wa kwanza na wa sita, ziache kimya. Hiyo ni Cmaj7. Shusha B freti moja, umepata C7. Shusha E freti moja, Cm7. Shusha G freti moja, ni Cm7 yenye tano iliyoshushwa. Shusha tena ile saba mpaka freti ya 2, ni C diminishi saba. Kodi tano, na kila mara imehama noti moja tu. Vidole vitabidi vijipange upya, sawa, lakini sikio linasikia kitu kimoja kikishuka. Kwenye ile karatasi yako hayo ni maumbo matano yasiyojuana.

Halafu zipange kwenye mwendo wa kodi zinazofuatana. Dm7: uzi wa tano freti ya 5, wa nne ya 3, wa tatu ya 5. G7: uzi wa sita freti ya 3, wa nne ya 3, wa tatu ya 4. Cmaj7: uzi wa tano freti ya 3, wa nne ya 2, wa tatu ya 4. Angalia uzi wa nne na wa tatu. F ni tatu ya Dm7, inabaki palepale na kuwa saba ya G7, huku C ikishuka kwenda B. Kisha B inabaki, F inashuka kwenda E. Mkono hauruki popote. Ukiwa na mpiga besi, mzizi mwachie yeye; piga hizo noti mbili tu na kodi itasikika.

Metronomu iweke taratibu kiasi kwamba unataja noti inayohama kabla ya pigo. Ikikaa vizuri kwenye ufunguo wa C, nenda ufunguo wa F: Gm7, C7, Fmaj7. Safari hii itaanza kushuka noti ya uzi wa nne, ndipo ifuate ya uzi wa tatu. Zitafute mwenyewe bila chati.