Nambari yangu waliipata wapi? Maswali ya wasomaji kuhusu ulinzi wa data

Maswali ya safari hii yanahusu Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019. Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020, na kanuni za utekelezaji zikatungwa mwaka 2021. Wengi wanajua kwamba sheria hiyo ipo. Wasichokijua ni muda uliowekwa kwa kila jambo: siku 7, siku 14, siku 90, saa 72. Nguvu ya mwananchi iko kwenye muda huo, kwa hiyo tumeutaja kila unapohusika.

Shemeji yangu alikopa kwa programu ya simu. Sasa wananipigia mimi kila siku, mara tano sita, wakidai nilimdhamini. Sijatia sahihi popote. Nifanyeje? (Msomaji, Nakuru)

Wewe si mdhamini. Udhamini ni mkataba, na mkataba hauwezi kukufunga bila wewe kukubali. Yaelekea shemeji alipopakua programu ile, ilimwomba ruhusa ya kusoma nambari zilizohifadhiwa kwenye simu yake, akakubali bila kusoma, na orodha yote ikanakiliwa hadi kwa mkopeshaji. Shemeji angeweza kutoa data yake mwenyewe. Yako hakuwa na mamlaka ya kuigawa. Na hata akiifuta programu leo haitasaidia kitu, maana nakala ilishaondoka.

Kanuni za Benki Kuu kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, zilizotolewa Machi 2022, zinakataza waziwazi kuwapigia au kuwatumia ujumbe watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Septemba 2023 Kamishna alimtoza mkopeshaji mmoja faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu zilizopatikana kwa wengine, kisha kuwasumbua kwa simu na meseji za vitisho. Tabia unayoilalamikia ilishaadhibiwa.

Usifute chochote. Piga picha za skrini zinazoonyesha nambari, tarehe na saa. Kwa simu za sauti, piga picha orodha ya simu zilizoingia, na siku hiyo hiyo uandike kwa sentensi mbili yaliyosemwa. Kisha tafuta jina la kampuni. Hapa ndipo wengi hukwama: jina la programu si jina la kampuni. Fungua ukurasa wa programu ile kwenye duka la programu, shuka hadi chini kwenye maelezo ya mtengenezaji na sera ya faragha, utapata jina na barua pepe.

Waandikie hivi: "Mimi si mteja wenu wala mdhamini wa mteja wenu. Nielezeni kwa maandishi mlipata wapi nambari yangu, mnaitumia kwa kazi gani na mmempa nani mwingine. Napinga matumizi yake na ninataka ifutwe." Ombi la kuonyeshwa data yako lina siku 7 na halilipiwi. Ombi la kufutiwa lina siku 14.

Wakinyamaza au wakizidi kupiga, nenda kwa Kamishna. Malalamiko hupokelewa kupitia tovuti ya afisi yake, kwa barua pepe, au hata kwa mdomo ukifika mwenyewe, na karani atayaandika. Hulipi kitu. Mlalamikiwa hupewa siku 21 za kujibu, na uamuzi unapaswa kutoka ndani ya siku 90 tangu ulipowasilisha. Unaweza kuomba fidia, na sheria inahesabu pia mateso ya moyo, si hasara ya fedha pekee. Ambatisha picha zako kwa mpangilio wa tarehe. Na usimwombe Kamishna afute deni la shemeji. Hiyo si kazi yake, na ombi la namna hiyo huchanganya tu faili yako.

Mwambie na shemeji aingie Mipangilio, Programu, achague programu husika, kisha Ruhusa, na azime Anwani (yaani orodha ya nambari za watu). Tangu tarehe 31 Mei 2023 duka la Google haliruhusu programu za mikopo ya kibinafsi kusoma nambari wala picha za mteja. Ikiwa programu ya mkopo bado inaziomba, huenda ilipakuliwa kwa kiungo kilichotumwa nje ya duka. Iogope.

Shule ya mwanangu huweka picha za watoto kwenye Facebook, pamoja na majina yao. Hatukuulizwa. Mwalimu mkuu anasema tulikubali tulipojaza fomu ya kujiunga. (Mama wa mwanafunzi wa Gredi ya 4, Kiambu)

Fomu ya kujiunga haimpi mwalimu mkuu ruhusa ya kila kitu. Kifungu cha 33 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na matumizi yenyewe yawe kwa maslahi ya mtoto. Picha ya kutangaza shule ni kwa maslahi ya shule. Idhini lazima iwe mahususi: mstari unaosema "nakubali picha ya mwanangu iwekwe mtandaoni", wenye kisanduku chake na nafasi ya kukataa, tena ukikataa mtoto asinyimwe nafasi wala asitengwe. Sentensi iliyofichwa katikati ya kanuni za sare na karo haifikii kiwango hicho.

Andika barua ukitaja picha gani, iliwekwa lini, na utake iondolewe ndani ya siku 14. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ukihitaji kumshawishi mwalimu mkuu bila ugomvi, mtajie kwamba Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kosa hili hili la kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hizo ni karo za watoto wengi.

Picha moja yenye sura, jina kamili, sare na jina la shule inamwambia mtu asiyemjua mtoto mahali pa kumsubiri saa tisa na nusu alasiri. Shule zinazotaka kuonyesha kazi zao zipige picha za mikono ikichora, za madaftari, za watoto wakiwa wamegeuka. Hilo halihitaji wakili.

Je, bawabu ana haki ya kushika kitambulisho changu na kuandika nambari yangu ya simu kwenye daftari? (Msomaji, Mombasa)

Haki ya kukutambua anayo. Sheria ya Usalama wa Kibinafsi ya 2016 inamruhusu bawabu kukuuliza wewe ni nani, kurekodi saa ya kuingia na kutoka, hata kukaa na kitambulisho chako kwa muda ukiwa ndani. Lakini haimruhusu kukitumia kwa jambo jingine.

Shida kubwa ni daftari. Sote tunalijua: kubwa, limekunjamana pembe, kalamu imefungwa kwa uzi, safu za jina, nambari ya kitambulisho, simu, saa, sahihi. Mgeni wa kumi anasoma nambari za wageni tisa waliomtangulia. Usiku dada wa watu anapokea meseji "mambo mrembo" kutoka kwa mtu asiyemjua. Hakuna aliyeiba chochote kwa udukuzi. Ukurasa ulikuwa wazi.

Kwa hiyo mgeni, uliza: "Nambari ya simu ni ya nini, na kitambulisho mmeshakiona?" Ukiambiwa ni mazoea tu, una sababu ya kukataa, kwa kuwa sheria inataka kukusanywa kile tu kinachohitajika. Nawe msimamizi wa jengo, acha daftari la safu. Tumia vipande vya karatasi, mgeni mmoja kipande kimoja, kiingie kwenye kisanduku chenye kufuli. Amua siku za kuvihifadhi (mwezi mmoja unatosha majengo mengi), vikifika siku zake vikatwekatwe. Kuvitupa vizima kwenye jaa ni sawa na kubandika orodha ukutani.

Nina duka la dawa lenye wafanyakazi watatu. Rafiki yangu ana saluni. Tunapaswa kujisajili kwa Kamishna? (Msomaji, Kisumu)

Wewe ndiyo. Rafiki yako pengine hapana. Anayeingiza chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na kuwa na wafanyakazi chini ya 10 amesamehewa usajili, isipokuwa biashara yake iwe katika sekta zilizotajwa, na afya ni mojawapo. Ada ya biashara ndogo ni shilingi 4,000, cheti hudumu miezi 24, na kukihuisha ni shilingi 2,000. Usajili hufanywa mtandaoni. Utaulizwa unakusanya data gani, ya nani, kwa kazi gani, unampa nani na unailinda vipi. Ukaguzi wa kweli wa duka lako ni kuyajibu hayo kwa uaminifu kabla hata ya kulipa.

Rafiki yako asishangilie mno. Aliyesamehewa usajili hakusamehewa sheria. Akituma meseji za matangazo kwa wateja, lazima wawe walijulishwa walipotoa nambari, na kila meseji iwe na njia rahisi ya kujitoa isiyowagharimu kitu.

Mfanyakazi wetu alituma orodha ya mishahara kwa barua pepe ya mtu asiyehusika. Tumwambie nani, au tunyamaze ikipoa? (Meneja, Eldoret)

Msinyamaze. Ikiwa kuna hatari ya kweli kwa waliomo kwenye orodha, mna saa 72 za kumwarifu Kamishna tangu mlipojua, si tangu mtakapomaliza uchunguzi. Kosa linalotokea ni kusubiri hadi picha yote ieleweke, na saa zinakwisha. Sheria inakubali mtoe taarifa kwa awamu: leo semeni mnachokijua, kesho mwongeze.

Andikeni nini kilitokea na lini, ni data ya aina gani, watu wangapi, madhara yanayoweza kufuata, na hatua mlizochukua: mmemwomba aliyepokea aifute na athibitishe kwa maandishi, mmebadilisha nywila. Kisha waambieni wafanyakazi wenyewe, kwa lugha nyepesi. Kama faili ilikuwa imefungwa kwa usimbaji imara (isisomeke bila ufunguo wa siri) na ufunguo haukutoka nayo, huenda kuwaarifu wahusika kusilazimike. Na kama mishahara hushughulikiwa na kampuni ya nje, kampuni hiyo ina saa 48 za kuwaambia ninyi. Hakikisheni mkataba wenu unalisema hilo.

Mnatuambia tulinde data, lakini serikali yenyewe inaikusanya kila uchao. Kwa nini niwaamini? (Msomaji, Machakos)

Huna wajibu wa kuamini kwa kuambiwa. Juni 2021 Wakenya walipoanza kukagua uanachama wa vyama vya siasa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wengi walijikuta wameandikishwa kwenye vyama wasivyowahi kukanyaga. Mtu fulani alikuwa na majina na nambari za vitambulisho vyao. Ikiwa hujawahi kujikagua, ingia kwenye akaunti yako ya eCitizen, nenda kwa huduma za Msajili wa Vyama, na ukikuta jambo, jiuzulu hapo hapo na ulalamike.

Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma Namba, kitambulisho cha kidijitali cha serikali, kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa data kama kifungu cha 31 kinavyotaka. Na Mei 2025 mahakama hiyo iliagiza Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, ifute, ndani ya siku 7, data ya kibayometriki (alama za mwili) iliyokusanya kwa Wakenya. Wale waliopanga foleni kwenye jumba la KICC, Nairobi, mwaka 2023 kupigwa picha za mboni za macho walivutwa na zawadi ya sarafu za kidijitali yenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Mahakama ilisema idhini iliyopatikana kwa kishawishi hicho si halali. Kwa hiyo sheria inang'ata, hata upande wa serikali.

Lakini meno mengine ni mafupi, na tungependa Bunge liyanoe. Faini ya juu ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, na kinachochukuliwa ni kiwango kilicho *chini* kati ya viwili hivyo.  Kwa kampuni inayoingiza mabilioni, shilingi milioni 5 ni gharama ya tangazo. Neno "chini" likibadilishwa kuwa "juu", mikutano mingi ya wakurugenzi itabadilika.

Hadi hapo, ukifika kwenye meza yoyote ya usajili wa alama za vidole au uso, uliza: tathmini ya athari ilifanyika na kuwasilishwa kwa Kamishna siku 60 kabla, kama sheria inavyotaka? Data itakaa wapi, kwa miaka mingapi? Nikikataa alama za vidole, kuna njia nyingine? Karani asiye na majibu akupe jina la aliye nayo.

Sisi wa Dar es Salaam haya yanatuhusu? (Msomaji, Temeke)

Mna sheria yenu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024. Tunachokiita hapa data, kwenu ni taarifa binafsi. Anayeikusanya ni mkusanyaji na anayeishughulikia kwa niaba yake ni mchakataji, na wote wawili hutakiwa kusajiliwa. Siku na ada tulizotaja juu ni za Kenya, msizinukuu kwenye barua zenu. Namna ya kutunza ushahidi na kuandika barua haibadiliki.