Daftari la Madeni, Wino wa Buluu na Sikio la Shangazi: Jinsi Ninavyoandika

Hadithi yangu ndefu iliposomwa katika redio moja ya hapa Tanga, jioni baada ya jioni hadi ikamalizika, nilipokea ujumbe mwingi, na mmoja uliotoka kwa kijana wa Muheza umenikaa moyoni kuliko mingine. Aliniamkia vizuri, akaipongeza hadithi, kisha akaniuliza ninatumia kompyuta ya aina gani, programu gani ya kuandikia, na ni saa zipi za siku ambazo akili ya mwandishi huwa na nguvu. Nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu wateja walikuwa wamejaa dukani, lakini maswali yake yanastahili jibu refu, na nina hakika hakuuliza kwa niaba yake peke yake. Wewe unayesoma hapa una muswada wako mahali fulani, kabatini au ndani ya simu, na unatamani siku moja usikike. Kwa hiyo nitaeleza wazi jinsi ninavyoandika, pamoja na vitabia vyangu ambavyo jamaa zangu huviona vya ajabu, kwa kuwa vyote vinafanya kazi moja, nayo ni kunifanya niisikie sentensi kabla msomaji hajaisikia.

Ninauza vipuri vya baiskeli Ngamiani. Tanga ni mji wa baiskeli, na duka kama langu halikosi mtu kutwa nzima: huyu anataka tyubu, yule mnyororo, mwingine amekuja kuuliza bei tu apate kupumzika kivulini. Juu ya meza yangu lipo daftari kubwa lenye jalada gumu, ambalo kwa mbele huandikwa madeni. Ukiligeuza juu chini na kulifungua kwa nyuma, unakutana na hadithi. Madeni yanasogea kutoka upande wake na hadithi kutoka upande wake, na siku yanapokaribia kukutana katikati ninanunua daftari jipya, hata kama kurasa chache zimebaki. Madeni huyaandika kwa wino mweusi na hadithi kwa wino wa buluu, wala sikubali kubadilishana, kwa maana mkono ukishika kalamu ya buluu kichwa nacho hutambua kuwa hesabu zimewekwa kando. Mtoto wa ndugu yangu anayenisaidia dukani amekwisha kuzoea. Akiniona nimeshika ya buluu humhudumia mteja mwenyewe.

Watu hudhani kwamba duka linaniibia muda wa kuandika. Mimi nasema kwamba kurasa za mbele ndizo zinazolisha kurasa za nyuma. Sijaona mahali pazuri pa kujifunzia mazungumzo kuliko meza ya mtu anayekopesha. Mwenye kuomba tairi kwa mkopo haanzi na tairi. Huanza kwa kukuamkia, akauliza hali ya watoto, akazilaumu mvua za masika kwa kuharibu barabara, akamtaja marehemu baba yako kwa wema wake, ndipo anapofika kwenye tairi, na anapofika hapo mkono wake umekwisha kulishika. Tangu nilipolizingatia jambo hilo, hakuna mhusika wangu anayesema haja yake katika kauli ya kwanza. Mwache azunguke. Msikilizaji wa pwani anajua kusubiri, na anafurahi zaidi anapoigundua haja ya mtu kabla mwenyewe hajaitamka.

Kuhusu saa za kuandika, ninazigawa kwa kelele. Mazungumzo ya wahusika nayaandika mchana, dukani, katikati ya kengele za baiskeli, bei zinazobishaniwa na salamu za wapita njia, kwa sababu katika ukimya watu wangu hunyooka mno, kila mmoja akamaliza sentensi yake bila kukatizwa, jambo ambalo sijalishuhudia katika nyumba yoyote ya Ngamiani. Masimulizi, yaani mandhari, safari na mawazo ya ndani, nayaandika baada ya sala ya alfajiri, kabla mji haujaamka. Nikigeuza utaratibu huo, kurasa zinakataa. Nikitaka mazungumzo ya watu wengi kwa pamoja, ninakwenda Deep Sea samaki wanapopigwa mnada na kusimama tu pembeni bila kuandika neno. Nikirudi, ile kasi ya kupandishiana bei inakuwa bado imo masikioni.

Jioni, baada ya kufunga duka, huendesha baiskeli polepole kuelekea Raskazone, na katika njia hiyo ya baharini ndiko ninakowasemesha wahusika wangu kwa sauti. Huyu anauliza, yule anajibu, nami ninatoa sauti zote mbili. Vijana wanaonipita wamekwisha kujua, baadhi yao huniamkia, "Shikamoo mzee, leo yupo nani?" nami huwajibu kwamba leo yupo mama mkwe na posa yake. Pumzi ya mwendesha baiskeli ni kipimo kizuri sana cha sentensi. Kauli isiyoweza kusemwa na mtu anayekanyaga pedeli bila kukata pumzi mahali pasipofaa ina kasoro, na dawa yake ni kuhamisha kitenzi au kuivunja mara mbili. Ninayasema haya kwa uzito wote, kwa kuwa hadithi ile ya redioni ilipita njiani hivyo yote, na msomaji wa redio aliniambia kwamba hakujikwaa popote.

Kipo kitabia kingine ambacho nimekirithi kutoka kwa washairi. Mwisho wa kila aya ninahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. Katika utenzi kila kipande kina mizani minane, ubeti una vipande vinne, vitatu vya kwanza vinakubaliana vina, na cha nne kinabeba kina kinachorudi hadi mwisho wa utenzi mzima. Silazimishi nathari iwe utenzi, hasha. Hata hivyo kauli ya mwisho ya aya ikitua kwenye mizani minane, au kwenye kumi na sita kama mshororo wa shairi, sikio la mtu aliyelelewa na tenzi hutulia lenyewe bila kujua sababu. Nikiona imepungua moja, ninatafuta neno. Nimewahi kuchelewa kula kwa ajili ya silabi moja, na sioni kwamba muda huo ulipotea.

Na mwisho wa hadithi yenyewe huuandika mapema, ndani ya jalada la nyuma, kwa herufi za Kiarabu nilizofundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo. Sababu ya kwanza ni yule mtoto wa ndugu yangu, ambaye husoma daftari ninapokwenda msikitini kisha akawasimulia wateja mambo yasiyofika wakati wake; herufi hizo hazisomeki haraka, na siri inabaki siri. Sababu ya pili ni heshima. Tenzi za pwani yetu ziliandikwa na kunakiliwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi, zikaimbwa na watu waliozihifadhi kwa moyo, na ninapoandika kauli ya mwisho kutoka kulia kwenda kushoto ninalazimika kuisoma silabi kwa silabi. Jaribu kuandika sentensi yako kwa njia yoyote inayokupunguzia mwendo, nawe utaona ni maneno mangapi yalikuwa yamejipenyeza bila kualikwa.

Sasa niseme jambo linaloniuma hadi leo. Zamani kidogo nilialikwa katika semina ya waandishi, mbali na hapa, nikaenda na daftari langu kwa furaha. Mkufunzi alilichukua mbele ya watu, akalifungua kwa mbele, akasoma kwa sauti jina la mtu na deni la mnyororo, na ukumbi ukacheka. Kisha akasema kwamba mwandishi wa kweli hana duka, kwamba uandishi unataka chumba, meza, kompyuta na utulivu, na kwamba wenye kuandika kati ya mteja na mteja wataishia kuandika vijihadithi. Hakuligeuza daftari. Laiti angaligeuza, angalikuta kwa wino wa buluu sura ya kwanza ya hadithi hii iliyosikilizwa mwaka huu Pangani, Korogwe na Lushoto.

Nilirudi nyumbani nimenyamaza, nikaanza kutafuta habari za waandishi wengine na namna walivyofanya kazi, na nilichokisoma kimenitia nguvu kuliko semina yoyote. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na hapa, mwaka 1909, aliingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni mwaka 1926, katika idara ya forodha, na akaandika riwaya, insha na mashairi huku akiwa karani wa watu. Anthony Trollope wa Uingereza alikuwa mtumishi wa Posta kuanzia 1834 hadi 1867. Alianza kuandika saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake ikiwa mbele yake mezani, akijitaka maneno 250 kwa kila robo saa, kisha akaenda kazini. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya yake ya kwanza ya Kikuyu mwaka 1978 akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, juu ya karatasi za chooni. Maya Angelou wa Marekani, ambaye alikuwa na nyumba yake, alikodi chumba cha hoteli katika mji huohuo aliokuwa akiishi, akaomba picha ziondolewe ukutani, akaandika kwa mkono. Huyu alitaka ukuta mtupu, mimi nataka ukuta uliotundikwa matairi. Mkufunzi wetu angemweka wapi karani wa forodha? Angemweka wapi mfungwa?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usikubali mtu akuambie kwamba kazi yako ya mkate ni adui wa kalamu yako. Kama wewe ni mama lishe, sikiliza wanavyoagiza. Kama ni mlinzi wa usiku, una ukimya ambao wengine wanaulipia. Kama ni mwalimu, una darasa zima la sauti. Soma kwa sauti unachokiandika. Nimekwisha kulisema nami nitalirudia, soma kwa sauti, hata kama jirani atakushangaa. Andika kwa mkono rasimu ya kwanza. Chagua rangi yako ya wino na uishike. Vijana wengi siku hizi wanaandika kwa macho peke yake, wanatazama jinsi aya ilivyokaa kwenye kioo cha simu na kuona ni nzuri kwa sababu imepangika, ilhali ukiwaomba waisome mbele ya mtu mzima wanajikwaa katika kauli ya pili. Kiswahili kilisemwa, kikaimbwa na kuhifadhiwa vifuani muda mrefu kabla ya mtambo wa kupigia chapa kufika pwani hii, na mwandishi anayelisahau sikio anafanya kazi kwa nusu ya lugha yake.

Lakini kati ya tabia zangu zote, ile nisiyoweza kuiacha ni ya Ijumaa mchana. Baada ya sala na chakula, humpelekea shangazi yangu daftari, nikakaa mkekani karibu naye na kumsomea yote niliyoyaandika wiki nzima. Yeye husuka ukili muda wote wa kusikiliza, wala hanitazami. Mimi ndiye ninayeitazama mikono yake. Ikiendelea kusuka kwa mwendo wake wa kawaida, ukurasa umekubalika. Ikipunguza mwendo, hapo ameguswa, na huweka alama ndogo pembeni. Ikisimama kabisa, ama nimempata kweli ama nimempoteza, na tofauti yake huijua kwa uso. Siku moja nilimsomea mvuvi akimbembeleza mkewe arudi nyumbani, mikono ikasimama, akasema, "Mwanangu, huyu mtu wako anabembeleza kama barua ya serikali." Niliufuta ukurasa mzima palepale, nikamwomba yeye mwenyewe anionyeshe mvuvi angesema nini. Alisema maneno manne, akarudi kwenye ukili wake. Maneno yale ndiyo ambayo wasikilizaji wengi wa redio waliniandikia kuyasifu, nami kila mmoja nilimjibu kwamba ni ya shangazi.

Tafuta mtu wa namna hiyo. Asiwe mwandishi mwenzako, maana mwandishi atakusifia mbinu au ataitamani. Awe mtu mwenye kazi mikononi, anayeweza kukusikiliza bila kuiacha, na ambaye kukuridhisha si haja yake. Ukurasa ukipita kwake ndipo uupige kwenye simu, kama ninavyofanya mimi usiku wa Ijumaa, kwa kidole kimoja, katika programu ileile iliyokuja na simu. Wala sibadilishi kitu wakati wa kupiga isipokuwa herufi zilizokosewa, kwa kuwa saa ile ninaona tu, sisikii.

Hadithi mpya imekwisha kuanza, nayo inamhusu fundi wa jahazi wa Pangani anayekataa kumwachia mwanawe kazi. Ijumaa iliyopita nilimsomea shangazi kurasa za mwanzo, na mikono ilikwenda vizuri hadi lilipotajwa jina la fundi. Amelikataa. Anasema fundi wa umri ule, aliyezaliwa Pangani katika ukoo wa mafundi, hawezi kuitwa hivyo, na ameniamuru nimletee majina mengine Ijumaa hii ili achague yeye. Kwa sasa ninaandika "Fundi" mahali pote na kuacha nafasi, na kila mzee wa Pangani anayeingia dukani kununua mnyororo namuuliza jina la babu yake.