Umepiga skrinshoti, haya sasa imeenda wapi?

Mkuu umesema unabonyeza PrtSc (Print Screen, kile kitufe cha kupiga picha ya skrini) kwenye laptopu yako ya Windows na hakuna kinachotokea, ukifungua folda ya picha patupu, mpaka umeanza kudhani kibodi imekufa. Haijafa hiyo. Inawezekana kabisa picha umeshazipiga kibao ila hakuna hata moja iliyowahi kuwa faili.

Mimi kazi yangu ni kuandika miongozo ya kutumia mifumo ya kompyuta, yaani kutwa nzima ni kupiga skrini na kuchora mishale, na nikwambie ukweli watu wanahangaika kukariri vitufe wakati ishu yenyewe ni picha inaangukia wapi. PrtSc ikibonyezwa peke yake kwa mpangilio wa zamani inakopi skrini nzima na kuiweka klipbodi, yaani hifadhi ya muda ya vitu unavyokopi, inakaa humo inakusubiri uingie Word au Paint au kwenye email upige Ctrl+V, na ukikopi kitu kingine kabla hujapeisti basi imekwenda hiyo, labda uwe umeshawasha Win+V ambayo inakumbuka mpaka vitu 25 vya mwisho. Ukitaka faili moja kwa moja shika kitufe cha Windows halafu PrtSc, skrini itafifia kidogo, nenda Pictures utakuta folda ya Screenshots. Kama haimo humo cheki OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, mashine nyingi folda ya Pictures inakuwa imehamishiwa huko na mwenyewe hana habari. Na kuna laptopu PrtSc imebanwa kwenye kitufe kimoja na kazi nyingine, hapo unaongeza Fn.

Alt+PrtSc inachukua lile dirisha unalotumia tu, wengi hawaijui hii na ni tamu mno maana watu hawaoni umefungua nini pembeni.

Ila mimi mwenyewe vyote hivyo sivigusi sana siku hizi, natumia Win+Shift+S. Skrini inaingia giza, unavuta mausi unazungushia kipande unachokitaka, kwisha. Kinaenda klipbodi, na kwa Windows 11 kopi nyingine inasevika yenyewe kwenye ile ile Screenshots. Kama unataka kunasa kitu kinachotokea ukiweka mausi juu yake tu halafu kinapotea, fungua Snipping Tool yenyewe, ile programu ya Windows ya kupiga skrini, uweke kuchelewa sekunde 3, 5 au 10, unapata muda wa kukipanga.

Wa Mac nyie mambo yenu yako kinyume, kwenu inaanza faili na linaangukia desktop. Cmd+Shift+3 skrini nzima, 4 kipande (ukishabonyeza 4 gusa spacebar utachagua dirisha zima), na 5 inaleta paneli yenye kila kitu hadi kurekodi video, ipo tangu toleo la macOS Mojave la 2018. Mkitaka iende klipbodi ongezeni Control.

Ukurasa mrefu wa tovuti usiunganishe vipande vipande jamani. Firefox bonyeza kulia, Take Screenshot, chagua ukurasa mzima. Chrome nayo inayo ila wameificha, Ctrl+Shift+I halafu Ctrl+Shift+P, andika screenshot uchague ile ya full size. Na ukipiga muvi ya kulipia ikatoka nyeusi tii, usisumbuke na setingi, video inakuwa imelindwa makusudi isinaswe.

Sasa kitu ambacho naona watu wanachukulia poa ni kuficha namba ya simu au akaunti kwa kuweka ukungu. Ukungu na vile viboksi vya mosaiki mtu akikomaa anaweza kukisia kilichokuwa chini yake, weka boksi jeusi lililojaa, na usitumie ile brashi ya kuhailaiti maana inapitisha mwanga. Hata kukata sehemu ya picha (crop) kuna kipindi hakukutosha, 2023 iligundulika Snipping Tool ya Windows 11 ukikata picha na kuisevu juu ya faili lile lile, data ya sehemu uliyoikata ilikuwa inabaki humo ndani. Microsoft walishatoa apdeti, ila kama mashine yako ilikuwa inafanya hivyo enzi hizo, faili za zamani ulizotuma hazikujirekebisha zenyewe.

Kutuma WhatsApp, tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na maandishi madogo yanakuwa ukoko mtupu, halafu fundi anakuuliza hiyo eror inasomekaje.

Jaribu Win+Shift+S kwanza. Na kama PrtSc inakufungulia Snipping Tool badala ya kukopi, ndivyo Windows 11 za karibuni zinavyokuja, hiyo ni setingi tu, ingia Settings, Accessibility (Windows 10 ni Ease of Access), Keyboard uizime. Ikigoma bado, rudi useme ni Windows 10 au 11 na kitufe chako kimeandikwa nini hasa.