Jina langu litafika Unguja?

SWALI: Asalam alaykum shangazi. Mimi nipo Wete, Pemba, mimba yangu miezi minne. Juzi ndo nimeanza kliniki, nikatobolewa kidole wakapima ukimwi na kaswende kwa pamoja, kaswende ikaonekana ipo, nikadungwa sindano na nesi akaandika kwenye lile daftari kubwa, alaf mwenzangu akanambia hesabu za maradhi ya zinaa zinapelekwa mpaka wizarani Unguja. Toka siku hiyo silali. Jina langu litafika huko? Na wanahesabu ili iweje, mana Wete hii sote tunajuana.

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, lala. Jina haliendi. Madaftari hayo nimeyajaza miaka mingi kabla sijastaafu, jina linabaki hapo hapo kituoni ili ukirudi wajue walikupa nini, mwisho wa mwezi nesi anakaa anahesabu wajawazito wangapi wamepimwa, wangapi wameonekana nayo, wangapi wametibiwa, basi, nambari hizo tu ndo zinapanda wilayani na kuingizwa kwenye kompyuta za wizara. Nesi akilitoa jina nje kakosa, mshitaki kwa mkuu wa kituo.

Ama ili iweje, wengine spitali wanakuja wakishaumwa, lakini mjamzito analetwa na mimba yake, mzima na mgonjwa wote wanapimwa, kwa hiyo kaswende ikianza kupanda mjini kwenu itaonekana kwenu nyinyi mwanzo na wizara ijue wapi vipimo na sindano za penisilini zisikosekane. Ila nambari hizi zinataka utulivu. Kituo kikikosa vipimo miezi miwili kisha vikaja, wagonjwa wataonekana wameongezeka ghafla na maradhi yapo pale pale, ndo mana tunauliza wangapi wameonekana nayo kati ya wangapi waliopimwa.

Kinachoniuma mimi ni wasiohesabika. Wanawake wengi wenye gono au klamidia, maradhi mengine ya zinaa, hawahisi chochote, na wanaume wengine wakiona usaha wanapita duka la dawa wananunua vidonge viwili vitatu, daftarini hawamo, na gono lenyewe lishazizoea dawa nyingi za zamani, penisilini, tetrasaiklini, siproflokasini, sasa tegemeo ni sindano ya seftriaksoni. Hata Shirika la Afya Duniani liliposema watu milioni 8 wa miaka 15 mpaka 49 walipata kaswende mwaka 2022 yalikuwa makadirio, watakuwaje na hesabu kamili ya watu ambao hawajapimwa?

Sasa wewe. Kama umeambiwa urudi wiki ijayo kwa sindano nyengine, rudi, usikate, dawa hiyo inamfikia na mtoto, na kaswende ikiachwa inaharibu mimba au mtoto anazaliwa mfu. Mumeo nae akapimwe atibiwe, msikutane kimwili mpaka nesi awaruhusu, akigoma nenda nae kliniki siku yako ya kadi, nesi azungumze nae yeye. Na siku ya kujifungua mwambie mkunga mapema, mtoto nae aangaliwe.