Maswali na Majibu: Jasusi Aliyeamka London Haipo

Wiki iliyopita niliisifia "Arrival", sehemu ya kwanza ya The Prisoner, tamthilia ya kijasusi ya Uingereza ya mwaka 1967. Mmeniandama kwa maswali. Haya, tuanze.

*Nimezoea James Bond. Humu nitapata nini?*

Risasi na mabusu usitegemee. Patrick McGoohan, mhusika mkuu, alikataa kuwa Bond, na hata alipoigiza shushushu John Drake kwenye tamthilia ya awali, Danger Man, hakuwa mtu wa bastola. Hapa anaingia ofisini kwa bosi, anapiga ngumi meza, anaacha barua ya kujiuzulu na kuondoka na kigari chake cha Lotus. Akiwa nyumbani anafunga mizigo, gesi inapenyezwa kwenye tundu la kitasa. Anazinduka chumbani kwake, anachungulia dirishani, London haipo: yuko Kijiji, mahali wanakofungiwa watu na kila mmoja huitwa kwa namba. Mpaka hapo hujasikia neno hata moja, ni muziki na radi tu.

*Mbona umeng'ang'ania duka la ramani? Pale si hakuna kinachotokea?*

Ndiyo maana nimeng'ang'ania. Kwanza jamaa amejaribu kupiga simu. Opereta kamuuliza namba yake. Hana. Bila namba, hakuna simu. Anaingia dukani kuomba ramani, na muuzaji, kwa adabu zote, anamuuliza: ya rangi au nyeusi na nyeupe? Anapewa. Imechorwa milima, bahari, ufuko na Kijiji, basi. Anataka kubwa zaidi. Ipo, ya rangi, bei imechangamka. Anaikunjua: milima ileile, bahari ileile. Ramani nyingine hazina wateja, anaambiwa.

Hakuna aliyemfokea, hakuna aliyemfunga pingu. Mimi hunitisha zaidi mlinzi anayetabasamu. (Na watazamaji wa ITV wa mwaka ule hiyo "ramani ya rangi" waliiona nyeusi na nyeupe, maana rangi zilifika kwenye kituo hicho 1969.)

*Lile puto jeupe linalofukuza watu linachekesha, au ni mimi tu?*

Linachekesha, mpaka lifunike uso wa mtu. Watengenezaji wa tamthilia walikuwa wameunda mashine, ikawakorofisha, wakaishia kutumia puto la wapima hali ya hewa.

*Kijiji chenyewe kipo?*

Kipo: Portmeirion, kaskazini mwa Wales. Msanifu Clough Williams-Ellis alianza kukijenga 1925 akiiga miji ya Italia.

*Mwisho umenichanganya. Cobb si alikufa?*

Kama hujaitazama, ruka jibu hili. Cobb ni mwenzake wa zamani jamaa yetu kazini, wanakutana hospitalini. Punde jamaa anaambiwa Cobb kajirusha dirishani. Anazikwa kwa bendi. Mwanamke aliyemlilia anampa jamaa yetu saa ya mkononi ya kumfikisha kwenye helikopta, anaruka nayo, na helikopta inarudishwa kwa mitambo kama mbuzi aliyefungwa kamba. Ndipo tunamwona Cobb, mzima, anaaga wakubwa. Anawaomba wasimbane sana yule dada, kwani msiba ule ulimuumiza kweli.

Kwa hiyo machozi yalikuwa ya kweli, na yakatumika vilevile kama chambo. Hapo ndipo sehemu hii inapowazidi Bond wote. Angalia pia Namba Mbili, mkuu wa Kijiji: katikati ya hadithi, kiti kilekile kina mtu mwingine, na hakuna anayeshtuka.

*Nizitazame zote 17?*

McGoohan mwenyewe alitaka saba tu. Baada ya hii nenda "The Chimes of Big Ben", kisha ya mwisho, "Fall Out", ambayo itakuudhi. Ile ya makauboi, "Living in Harmony", wapo wanaoiapia. Mimi nimeilalia mara mbili.