Tanzia ya mwenzetu nayo ni habari

Nimefanya kazi ya habari hapa Tanga kwa miaka mingi, redioni kwanza, baadaye nikawa natuma habari kwenye magazeti ya Dar. Jambo moja huniudhi kila tunapofiwa na mmoja wetu: kazi tunaisahau palepale. Kijana asiyethubutu kurusha habari ya ajali ya bodaboda pale Pongwe bila kumpigia kamanda wa polisi, akisikia mwenzake kafariki anaposti picha ya mshumaa kabla hajamuuliza mtu yeyote. Halafu inakuja tanzia: tasnia imepata pigo, pengo lake halizibiki, alikuwa mcheshi na mpenda watu. Unamaliza kusoma hujui marehemu alikuwa na umri gani, wala habari gani aliyoiandika ikasumbua wakubwa.

Wadogo zangu, mwandikeni marehemu kama mnavyowaandika watu wengine.

Familia kwanza. Kwetu mtu akifa usiku, adhuhuri au alasiri anazikwa, kwa hiyo muda ni mchache kweli. Lakini kumpigia kaka yake, au kumtuma mtu mpaka Makorora akabishe hodi, hakuchukui nusu siku. Grupu la WhatsApp la waandishi si chanzo cha habari, hata kama mhariri mwenyewe yumo.

Mkiwa redio, kabla ya kuandika neno lolote nendeni kwa fundi mitambo. Mtangazaji mmoja wa kipindi cha asubuhi alifariki usiku. Saa moja kamili kompyuta, ambayo haijui msiba, ikafyatua jingo, kile kionjo cha kipindi kilichorekodiwa, kwa sauti yake ileile: "Amkeni wana Tanga, chai ishaiva!" Kule nyumbani Ngamiani redio ilikuwa imewashwa, watu wanasubiri tangazo la saa ya maziko. Mama yake akanyanyuka mkekani akauliza nani kasema mwanawe amekufa. Wanawake wakamshika, mtu mmoja akakimbilia kuizima ile redio. Siku hiyo ondoeni kila kitu chenye sauti yake: jingo, promo, matangazo ya biashara aliyoyasoma. Baadaye, familia ikiridhia, tengenezeni kipindi kimoja kizuri cha kazi zake. Kitamfaa kuliko rambirambi za wadhamini zinazosomwa mfululizo mpaka msikilizaji anahama stesheni.

Sababu ya kifo ndiyo inayotushinda zaidi. Kama ni maradhi na wenyewe hawataki yatajwe, yaacheni. Tunawafanyia hivyo hata wasio waandishi. Ila mtu akifia kazini, kunyamaza si heshima. Julai 2019 wafanyakazi watano wa Azam Media walikufa kwa ajali mkoani Singida, wakiwa njiani kwenda Chato kurusha matangazo. Januari 2022 waandishi waliokuwa kwenye msafara wa mkuu wa mkoa wa Mwanza wakafia Simiyu. Katika misiba ya namna hii maswali ni yaleyale ambayo tungemuuliza mwenye basi: gari ni la nani, dereva alipumzika lini, nani aliyepanga ratiba, na marehemu walikuwa na bima au hawana?

Hilo la bima lichimbueni. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inavitaka vyombo vya habari viwawekee waajiriwa wao bima na hifadhi ya jamii. Neno lenyewe ni waajiriwa. Sisi wa mikoani wengi hatuna mkataba, tunalipwa kwa habari iliyotoka. Siku ya kufa tunaitwa "mwandishi wetu mahiri", jina ambalo mhasibu hajawahi kulisikia.

Tukitaka tunaweza. Daudi Mwangosi, mwandishi wa televisheni ya Channel Ten, alipouawa Nyololo, Iringa, Septemba 2012, picha walizopiga wenzake zilionyesha polisi wamemzunguka. Mwaka 2016 askari mmoja akahukumiwa miaka 15 jela kwa kuua bila kukusudia. Zile picha zilifanya kazi ambayo rambirambi zetu zote zisingeiweza.

Na msimwite mtu marehemu kabla hamjathibitisha. Azory Gwanda, aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi, alitoweka Kibiti Novemba 2017. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje alizungumza na BBC kwa namna iliyoeleweka kuwa Azory amekufa, kisha akafafanua kwamba hakuthibitisha kifo. Kama wewe ndiye mhariri, andika ametoweka, taja tarehe, na uendelee kuuliza.

Mazishi yakiisha huwa tunatawanyika, mpaka hitma ya arobaini. Mjane bado yumo edani, kwa hiyo zungumza na shemeji yake: malipo ya habari za miezi ya mwisho yalifika? Kama hayajafika, mpigie mhariri wa Dar usiku huohuo, umuulize kama angeiandika habari hii ingekuwa ya kampuni nyingine.